UZI: Ndoa ya 1806 iliyolala kabatini miaka 72. Jinsi ya kufuatilia ukoo wa wakulima wa Marekani, tukianza na kina Lincoln

Mfukua Makabrasha

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Huu uzi nimeukalia toka mwezi wa pili, leo nipo ofu nimesema lazima niushushe wote.

Kwa wasionijua, mi nipo Louisville, Kentucky, mwaka wa 11 sasa. Mke wangu ni mzaliwa wa huku huku, kwao wakulima, tumbaku na mahindi na ng'ombe kidogo, vizazi na vizazi. Mama mkwe wangu ana miaka 84. Kuna neno lilikuwa linasemwa chini chini kwenye ule ukoo, kwamba bibi wa bibi yake, yule ambaye wote wametokea kwake, hakuwahi kuolewa. Halikuwa neno la kusema mbele za watu ila kila mtu analijua, na huyu mama amelibeba toka akiwa binti. Siku moja tupo barazani tunachambua maharage akaniambia mwanangu, wewe si ndo hodari wa kuulizia mambo ya wazee, niangalizie hilo jambo kabla sijaondoka.

Nikaingia kichwa kichwa. Mi kwetu Sengerema ukimpigia baba simu anakuhesabia mababu saba bila kushika karatasi, na nani alihama lini kwa sababu ya njaa gani, nikaona nchi ya makaratasi kama hii itakuwa rahisi zaidi. Miezi minne hamna kitu. Kaunti waliyolima nimepekua ndoa zote, jina halipo. Kwenye tovuti za nasaba kuna mtu aliweka jina la mume kwa kukisia miaka mingi iliyopita na wenzake wote wamekopi vile vile mpaka linaonekana kama kweli, ukimuuliza umelitoa wapi hajibu.

Kilichonifungua macho ni kina Lincoln. Ndio, yule rais wa 16, ila mimi hapa nazungumzia zaidi wazazi wake. Baba yake Thomas Lincoln alikuwa mkulima na seremala, kusaini jina lake tu kazi, na mama yake Nancy Hanks ndo kabisa karibu hakuacha karatasi. Watu wa kawaida wa shamba. Mtoto wao asingekuwa rais wangepotea kama wa upande wa mke wangu walivyopotea.

Sasa sikilizeni. Abraham kazaliwa 12 Februari 1809 shamba la Sinking Spring, wakati huo ni kaunti ya Hardin. Baba yake alinunua ardhi Hardin toka 1803. Dada yake Sarah kazaliwa Elizabethtown 1807, ndo makao makuu ya Hardin. Baba alipofiwa akaoa mke wa pili 1819, Hardin hiyo hiyo. Sasa wewe ukitaka karatasi ya ndoa ya Thomas na Nancy unaenda wapi? Si Hardin? Watu wakaenda. Wakafungua vitabu. Ya 1819 ipo, Thomas Lincoln na Sarah Bush Johnston, 2 Desemba. Ya Nancy haipo. Basi ikawa hiyo hiyo, haipo kitabuni maana yake hawakuoana, na mtoto wao akaitwa mwanaharamu, wanaume wengine wakatajwa kwa majina kwamba huyu ndo baba yake halisi, na maneno hayakuisha hata baada ya kuuawa 1865.

1878 karani wa kaunti ya Washington, W. F. Booker, mjini Springfield (Springfield ya Kentucky wakuu, sio ile ya Illinois), akaitoa kwenye makabrasha ya ofisi yake. Ilikuwepo muda wote. Miaka 72 imelala kaunti nyingine.

Naendelea chini, msikimbie.

Bint Ujiji

Nimekaa mkao wa kula, endelea kaka

DerevaWaMasafa

Aisee mi napita I-64 kusini mwa Indiana kila wiki kibao cha Lincoln kuishi pale utotoni nakiona, sijawahi kuchepuka hata siku moja. Ila mkuu hiyo karatasi ikoje? Ni cheti kama cha bomani kwetu?

Mfukua Makabrasha

Mkuu DerevaWaMasafa swali zuri, na hapa wengi wanakosea hata wenyeji.

Kentucky ya enzi hizo hakukuwa na cheti kama tunavyokijua. Kulikuwa na dhamana ya ndoa. Mwanaume anaenda kwa karani na mtu mmoja wa upande wa binti, wanasaini kwamba hakuna kizuizi cha kisheria, na kikija kuonekana kizuizi wanadaiwa hela. Sio mahari, hakuna hela inayotoka mfukoni siku hiyo. Ya Thomas Lincoln ni ya tarehe 10 Juni 1806, kasaini yeye na Richard Berry, na kiwango ni pauni 50. Miaka 30 toka wajitangazie uhuru na bado karani wa Kentucky anaandika pauni. Mi hilo lilinishika sana, nimelisoma mara tatu.

Ila dhamana peke yake haithibitishi ndoa, mtu anaweza kusaini akaghairi. Karatasi ya pili ndo inayofunga. Mhubiri wa Kimethodisti anaitwa Jesse Head alikuwa anaandika orodha ya watu aliowafungisha anampelekea karani. Kwenye orodha yake wapo, Thomas Lincoln na Nancy Hanks, 12 Juni 1806. Siku mbili baada ya dhamana. Kwahiyo ukitafuta ndoa ya watu wa Kentucky wa wakati ule tafuta vitu viwili, dhamana na ripoti ya mhubiri, ukikuta kimoja usishangilie bado.

Mahakama ya kaunti pale Springfield ilijengwa 1816 na ndo kongwe kuliko zote Kentucky ambayo bado inafanya kazi. Kutoka kwangu ni kama saa moja kwa gari. Nilienda Alhamisi moja nimetoka shifti ya usiku sijalala. Unaingia unawakuta watu wanasajili magari na kulipa kodi kama ofisi yoyote. Yaani historia yote hiyo ipo pale pale kwenye kazi za kila siku.

Msomi wa Makambako

Mkuu samahani nikukatishe. Kwanini Washington? Kama bwana ana ardhi Hardin na anaishi Hardin, aende kuoa kaunti nyingine kwa nini? Mtu anayetaka kubisha anaweza kusema hiyo karatasi ilitengenezwa 1878 kumsafisha rais.

Mzee Kifimbo

Msomi kijana wangu, jibu lipo kwenye mila tu. Ndoa inafungwa kwao binti. Hata sisi bwana harusi ndiye anayefunga safari.

Mfukua Makabrasha

Mzee Kifimbo marahaba yangu naipokea kwa kukuamkia kwanza, shikamoo mzee. Umemaliza. Dhamana ilisainiwa kwenye kaunti anakoishi binti. Nancy hakuwa na baba wa kumlea, alikuwa anaishi kwa jamaa zake kina Berry, sehemu za Beech Fork, kaunti ya Washington. Ndo maana jina la pili kwenye dhamana ni Richard Berry. Waliotafuta Hardin walikuwa wanafuata ardhi ya mume.

Na kuhusu kutengeneza, Msomi, nikupe kitu kitakachokutuliza. Miaka 30 kabla ya ile karatasi kuonekana, 1848, Lincoln akiwa mbunge Washington DC alikuwa anatafuta ukoo wake yeye mwenyewe. Alikuwa anajua tu kwamba babu yake, naye Abraham, alitoka kaunti ya Rockingham, Virginia. Akamuuliza mbunge wa kule, McDowell, kuna kina Lincoln wowote waliobaki? Akapewa jina la David Lincoln. Akamwandikia barua Machi, David akajibu, na barua ya pili ya Lincoln ya mwezi wa nne inasema wazi, sasa hakuna shaka kwamba baba yako mkubwa Abraham na babu yangu ni mtu mmoja, na familia yake kweli ilikaa kaunti ya Washington, Kentucky, kama unavyosema uliwakuta huko 1801 au 1802.

Mmeona? KAUNTI YA WASHINGTON. Imeandikwa kwa mkono wa mwenye ukoo, 1848. Bibi yake Bathsheba alipofiwa na mume alihamia huko na watoto, Thomas akakulia huko, na kina Berry na Nancy wako huko huko. Yaani walikuwa majirani kabla hawajawa mke na mume. Angetokea mtu mmoja tu wa kuchukua ile barua na kwenda nayo Springfield, maneno yote yangekufa mwenyewe akiwa hai. Inaniuma mpaka leo nikiifikiria hiyo.

Bint Ujiji

Kaka umesema babu yake naye Abraham. Huyo alikufaje mpaka mjane akahama?

Mfukua Makabrasha

Da Bint Ujiji huyo habari yake ni nzito. Kapteni Abraham Lincoln alihama Virginia kuja Kentucky miaka ya 1780, akachukua ekari 400 Long Run, hapa hapa kaunti ya Jefferson, yaani ndani ya kaunti ninayoishi mimi, dakika kama 30 toka kwangu. Kwenye hati ya ardhi hiyo jina limeandikwa Linkhorn. Ukitafuta Lincoln peke yake kwenye kompyuta hukipati. Makarani walikuwa wanaandika wanachosikia, kwahiyo tamka jina kwa sauti, alafu waza mtu wa lafudhi nyingine angelisikia vipi, tafuta na hayo yote.

1786 yupo shambani na wanae watatu Mordecai, Josiah na Thomas wanapanda, akapigwa risasi na wenyeji wa asili wa Marekani waliokuwa wanapigania ardhi yao. Josiah akakimbilia ngomeni kuomba msaada, Mordecai akaingia kibandani, Thomas mtoto wa miaka 8 akabaki amekaa na mwili wa baba yake. Mshambuliaji akawa anamsogelea mtoto, Mordecai akalenga kutokea ndani akampiga. Kwa hiyo risasi ndo Thomas akaishi, na rais akaja kuzaliwa.

Sasa kwa mfuatiliaji angalia kilichofuata. Mali ilimwendea mtoto mkubwa, Mordecai. Thomas hakupata, akakua akizunguka vibarua, bila shule. Ukikuta kaka mmoja anaonekana kwenye karatasi kila mwaka ana ardhi na farasi na mdogo wake haonekani popote, usiseme amekufa. Tafuta nani alirithi.

DerevaWaMasafa

Mbona wewe unataja orodha za kodi na hati, sensa si ipo? Nasikia Marekani wanahesabu toka 1790

Mfukua Makabrasha

Wanahesabu ndio, kila miaka 10 toka 1790, ila kabla ya 1850 sensa inaandika jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote ni vijiti kwenye safu za umri, wanaume wangapi wa umri huu, wanawake wangapi. 1850 ndo mara ya kwanza kila mtu huru anaandikwa kwa jina. Na Kentucky kuna tatizo zaidi, sensa ya 1790 na ya 1800 zote zimepotea, kwahiyo watu wanatumia orodha za kodi, ambazo kwa kweli ni nzuri kuliko hata sensa maana ni za kila mwaka, unamuona kijana anatokea akifika miaka 21, unaona ana farasi wangapi, mwaka unaofuata ana ekari, mwaka mwingine kapotea, unajua kahama.

Na hivyo vijiti vinadanganya bana. Chukua nyumba ya Thomas Lincoln baada ya 1819. Nancy alifariki 5 Oktoba 1818, ugonjwa wa maziwa, ng'ombe wamekula jani lenye sumu porini, mtu akinywa maziwa anakufa, na hakuna aliyekuwa anajua sababu. Thomas akarudi Kentucky akamwoa Sarah Bush Johnston, mjane mwenye watoto watatu. Ndani ya nyumba moja sasa kuna wa kwake wawili, wa mama watatu, na Dennis Hanks ndugu wa marehemu. Ukisoma vijiti unaona baba, mama na watoto wengi, unaandika wote ni wa tumbo moja. Nusu ya makosa ya miti ya ukoo mitandaoni yanaanzia hapo.

Sensa ya 1890 nayo karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington DC wa Januari 1921, kwahiyo mtu aliyezaliwa 1881 akaoa na kuhama kabla ya 1900, utoto wake humuoni kwenye sensa kabisa. Na za karibuni zinafichwa miaka 72, ya 1950 imefunguliwa Aprili 2022.

Mama Tausi

Nimesoma yote kwa utulivu. Swali langu ni hilo la Nancy. Umesema hakuwa na baba wa kumlea. Sasa mama yake nani?

Mfukua Makabrasha

Mama Tausi shikamoo. Hilo watu wamelibishania zaidi ya miaka 100. Kuna waliosema mama yake ni Lucy Hanks aliyemzaa kabla ya ndoa, na ndivyo Lincoln alivyomwambia mwanasheria mwenzie William Herndon, kwamba mama yake alikuwa mtoto wa nje ya ndoa na babu yake upande huo ni mkulima mwenye uwezo wa Virginia. Wengine hawakutaka kusikia, wakamtafutia Nancy mama mwingine wa ukoo wa kina Shipley aliyeolewa vizuri.

Karatasi hazikumaliza ugomvi, damu ndo ikamaliza. Kuna DNA ya upande wa mama, inaitwa ya mitokondria, inatoka kwa mama kwenda kwa watoto wote ila watoto wa kike tu ndo wanaiendeleza. Shida ni kwamba Nancy binti yake ni mmoja tu, Sarah, aliolewa na Aaron Grigsby akafariki uzazini Januari 1828 hana mtoto aliyebaki. Na ukoo wa Abraham wenyewe umekwisha, kitukuu wa mwisho ambaye hana ubishi alifariki 1985. Kwahiyo walirudi nyuma wakatafuta wanawake wa kina Hanks na kina Shipley, wakashuka nao kwa watoto wa kike tu mpaka walio hai leo wakapima. Matokeo yalitoka 2015. Nancy ni wa kina Hanks, binti wa Lucy, na kundi lao ni X1c ambalo ni adimu sana, kwahiyo sio la kugongana kwa bahati.

Yaani neno la Lincoln lilikuwa kweli. Na yule bibi Lucy baadaye aliolewa na Henry Sparrow huko kaunti ya Mercer akalea watoto wengi tu. Mi namheshimu sana huyo bibi.

Mama Tausi

Marahaba baba. Nimekuelewa. Kumbe mama alikuwa wa nje ya ndoa kweli, na mtoto akasingiziwa hilo hilo.

Msomi wa Makambako

Nimekubali kuhusu karatasi. Ila nina la pili, walihamahama mno hawa watu, Kentucky, Indiana, Illinois. Unawafuataje mtu asiyetulia?

Mfukua Makabrasha

Fuata ardhi Msomi, ardhi haihami. Thomas alinunua Sinking Spring Desemba 1808, ekari 300, dola 200, hati ikawa na mgogoro, akaipoteza mahakamani. Akaenda Knob Creek 1811, huko nako warithi wa tajiri mmoja wa Philadelphia wakaja na madai ya ekari 10,000, Thomas akashitakiwa pamoja na majirani zake. Desemba 1816 akavuka mto Ohio akaingia Indiana. Mwanae alikuja kuandika kwamba walihama kwa kiasi fulani kwa sababu ya utumwa ila hasa hasa ni shida ya hati za ardhi za Kentucky.

Sababu ya hizo shida inaonekana kwa macho. Kentucky ilipimwa kwa miti na mawe na vijito, anzia mwaloni mweupe, nenda hatua kadhaa mpaka kwenye jiwe. Pale Sinking Spring kulikuwa na mwaloni mweupe uliotajwa kwenye upimaji wa 1805, umesimama mpaka ukafa 1976. Jirani naye anapima kivyake anakatisha shamba lako.

Mzee Kifimbo

Kama minyaa kwetu. Wazee wakifa na minyaa ikikauka, kesi inaanza.

Mfukua Makabrasha

Hasa mzee. Sasa Indiana serikali ilipima kabla ya kuuza, miraba ya maili 6 kwa 6, ndani yake vipande 36 vya ekari 640, unanunua robo ekari 160. Thomas aliandikisha yake ofisi ya ardhi ya Vincennes 15 Oktoba 1817, robo ya kusini magharibi ya kipande cha 32. Hakuweza kulipa yote, akarudisha nusu, na 1827 akapewa hati kamili ya ekari 80. Hizo hati za serikali zimewekwa mtandaoni bure, unaandika jina unapata picha ya hati yenyewe. Na wale wa baada ya 1862, sheria ya kugawa ekari 160 bure kwa atakayekaa miaka mitano aliyoisaini huyo huyo Lincoln, majalada yao yana mpaka ushahidi wa majirani, nyumba ina madirisha mangapi, amelima ekari ngapi.

Kitu kingine muhimu mno, kaunti zinakatwa. Sinking Spring leo ipo LaRue, lakini LaRue imeanzishwa 1843, kwahiyo karatasi za kina Lincoln zitafute Hardin. Indiana nako waliingia kaunti ya Perry, 1818 ikawa Spencer bila wao kusogea hata hatua. Kabla hujatafuta chochote fungua ramani ya mwaka ule, sio ya leo.

Bint Ujiji

Na watu weusi? Hao kina Lincoln angalau wana jina kwenye kodi. Nina shoga yangu Mmarekani mweusi, kwao pia wakulima Kentucky, kila akitafuta anaishia 1870 anagonga ukuta.

Mfukua Makabrasha

Hapo ndo moyo unauma. Sensa ya 1850 na 1860 ilikuwa na orodha ya pembeni ya watumwa, na wengi mno hawakuandikwa jina, ni umri, jinsia na rangi tu chini ya jina la mmiliki. Mtu ameishi miaka 60 analima shamba lile lile na karatasi inasema mwanaume, 60, mweusi. 1870 ndo mara ya kwanza wengi wao wanaandikwa majina kwenye sensa.

Mwambie shoga yako asikate tamaa. Kwanza atafute kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ile ofisi ya serikali ya kuwasaidia waliotoka utumwani, ya 1865 hadi 1872, kuna mikataba ya kazi na ndoa. Kulikuwa na Freedman's Bank, benki ya hao hao waliotoka utumwani, ukifungua akaunti wanakuandika wazazi, ndugu, na mara nyingine aliyekuwa bwana wako na shamba. Na kwa Kentucky hasa, Camp Nelson, maelfu ya wanaume weusi walijiandikisha jeshi pale kupata uhuru, maana Kentucky utumwa haukuisha mpaka Desemba 1865. Mjane akiomba pensheni ya mume askari alipaswa kuthibitisha ndoa, na kwa watumwa ndoa haikuwa na karatasi, kwahiyo wanakuja majirani wanaapa, tulikuwepo, walikuwa mke na mume, tulicheza ngoma siku hiyo. Hayo majalada ni hazina. Baada ya hapo inabidi aingie kwenye karatasi za aliyewamiliki, wosia na orodha za mirathi, kule watu wameandikwa kwa majina pamoja na ng'ombe na majembe. Asome akiwa na mtu karibu. Mi nilisoma moja kwa sababu ya ukoo wa mke wangu, mali za marehemu mmoja, na mstari wa kwanza baada ya kitanda ilikuwa ni mama na mtoto mchanga. Nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Bint Ujiji

Nitamtumia huu uzi. Asante kaka.

DerevaWaMasafa

Mkuu turudi kwa mama mkwe basi, ulipata?

Mfukua Makabrasha

Nilipata.

Nilikuwa nimekaa miezi minne kwenye kaunti ya mume. Niliposoma habari ya Thomas na Nancy nikajiuliza, huyu bibi kabla ya kuja hapa alikaa kwa nani? Kwenye sensa ya 1850 tayari ana mtoto. Nikaangalia majirani zake, nyumba tatu juu na tatu chini, kuna mzee ana jina la mwisho ambalo mtoto wa kwanza wa bibi kapewa kama jina la katikati. Nikamfuata huyo mzee nyuma kwenye kodi, kumbe alihamia pale miaka miwili tu kabla, katoka kaunti ya pili. Nikaenda kule.

Karani ni mama mtu mzima, kanipokea vizuri sana, kanitolea boksi la dhamana za miaka ya 1840. Karatasi zimekunjwa mara tatu, nyembamba, zina vumbi la rangi ya kutu linabaki vidoleni. Unazifungua moja moja. Nilifungua kama saa moja na nusu. Ilipotokea nilisoma jina la mume nikapita, ikabidi nirudi, maana la bibi limeandikwa kwa herufi nyingine kabisa, ila ukilitamka ni lile lile. Chini kasaini mume, na pembeni yake kuna alama ya X na karani kaandika kuizunguka, alama yake baba wa binti. Yule mzee jirani. Nyuma ya karatasi mhubiri kaandika tarehe aliyowafungisha.

Nikapiga picha, nikalipa hela ya nakala yenye muhuri, nikaendesha mpaka kwa mama mkwe bila kupitia nyumbani. Kaisoma kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa haangalii tarehe, alikuwa ameweka kidole kwenye ile X. Akaniuliza hii ni ya baba yake? Nikamwambia ndio mama, alikuja mwenyewe kusimama. Akakaa kimya muda, alafu akampigia simu dada yake.

Mama Tausi

Mungu akubariki sana baba kwa ulivyomhudumia mkweo.

Mzee Kifimbo

Umefanya kazi ya mtoto wa kuzaa.

Msomi wa Makambako

Mkuu nimekubali na nimefuta ubishi. Swali la mwisho, Lincoln mwenyewe alijua wazazi wake walioana? Maana yeye alikufa kabla karatasi haijaonekana.

Mfukua Makabrasha

Msomi, sina barua ambayo kaandika tarehe ya ndoa ya wazazi wake. Ila kuna barua ya Mei 1860, ameshateuliwa kugombea urais, anamjibu Samuel Haycraft, aliyekuwa karani wa Hardin, Elizabethtown. Haycraft alikuwa amemwandikia akamchanganya mama na mama wa kambo. Lincoln anamrekebisha taratibu, baba yangu ni Thomas Lincoln, Sally Johnston (ndo yule yule Sarah) alikuwa mke wake wa pili, kuhusu mama yangu umekosea, jina lake kabla ya kuolewa ni Nancy Hanks. Na anamwambia hivi, sidhani kama nimewahi kukuona, ila nilivyofungua tu barua niliujua mwandiko wako kabla sijafika kwenye saini. Akawataja na makarani wengine wa ofisi ile kwamba miandiko yao yote ilifanana.

Hebu fikirini. Alitoka Kentucky ana miaka 7. Mi naona ni kwa ile miaka ya kesi za ardhi, karatasi za Hardin ziko ndani ya nyumba, na mtoto anaziangalia. Anajua mwandiko wa kila karani wa Hardin. Ila karatasi ya mama yake iliandikwa na mkono wa karani mwingine, wa Washington, na hakuwahi kuiona.

Nancy mwenyewe kaburi lake lilikaa bila jiwe la kudumu lenye jina mpaka 1879, mwaka mmoja baada ya Booker kutoa ile dhamana.

Jumamosi nampeleka mama mkwe kwenye kaburi la huyo bibi yake, lipo nyuma ya shamba ambalo siku hizi ni la watu wengine, wametukubalia kupita. Amesema anataka jina la mume liongezwe kwenye jiwe. Nikirudi nitaweka picha ya jiwe tu, ya karatasi nimemwahidi itabaki ya familia.